Wamemzika Lini?

Wiki iliyopita nilikuwa Korogwe, kwenye benchi la wagonjwa wa macho, ambako televisheni ya ukutani ilikuwa ikionyesha tamthilia. Kijana mmoja wa tamthilia ile alichomwa kisu mlangoni kwa mama yake. Damu ikatapakaa, benchi zima likaguna.

“Jamani, wamemuua steringi!” alilalamika binti aliyekaa karibu nami.

Bibi mmoja kutoka Magoma akasema taratibu, “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.”

Mara picha ikabadilika, tukaletewa harusi na muziki. Bibi akamgeukia binti.

“Wamemzika lini?”

Binti akacheka. “Bibi, hilo ni igizo tu! Mwenyewe yuko Dar sasa hivi, anakula chipsi.”

“Najua ni igizo, mjukuu wangu. Nimeharibika macho, si akili. Ila yule mama, mbona hawakumwacha alie kidogo?” Akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. “Mimi kijana wangu alipofariki, watu walilala kwangu siku tatu. Bila wao nisingeinuka.”

Binti aliacha kucheka. Alisogea mpaka bega lake likagusa la bibi, akasema, “Pole, bibi.”

“Nimeshapoa, mwanangu.”

Tamthilia ile naifuata tangu ilipoanza. Waliouawa humo nawakumbuka wote, na silaha zilizowaua. Mama zao, simkumbuki hata mmoja.