Mwalimu Macho Manne na Wanafunzi Wasiouliza

Wanafunzi walimwita Macho Manne, kwa miwani yake na kwa jinsi alivyowachunga kwenye mitihani. Alikuwa amefundisha kompyuta chuoni miaka kumi na tisa, mtu mpole, shati limepigwa pasi hata kola inang'aa, na fundisho lake kubwa lilikuwa moja: ukichungulia kazi ya jirani, wewe ni mwizi. Hakuna aliyewahi kumlaumu kwa hilo. Wazazi walimsifu.

Mwaka ule kampuni zote ziliacha kupokea vijana wake kwa majaribio ya kazi, ila moja iliyochukua wanne. Mkuu wa chuo hakumung'unya maneno.

"Mwalimu, hao wanne wakirudishwa, somo lako nalifunga. Nani atasoma miaka mitatu aje akae nyumbani?"

Mmoja wa wale wanne alikuwa mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu hajang'oa jino.

Siku ya tatu ya majaribio, saa nane mchana, bosi wa kampuni ile akamwita. Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, ila siku hiyo ucheshi wake ulikuwa na ncha.

"Njoo uone maajabu," alisema, akamsimamisha kwenye mlango wa kioo.

Ndani kulikuwa na meza ndefu na kompyuta nne. Vijana walikuwa wamesimamisha mabegi katikati yao kama kuta, kila mmoja kaiinamia yake kama kuku aliyelalia mayai.

"Niliwapa programu ya zahanati. Inapanga miadi ya wagonjwa, lakini inawapa watu wawili nafasi ile ile. Aliyeiandika alishahama kazi. Siku tatu, Mwalimu! Hakuna aliyeuliza hata choo kiko wapi."

"Ni vijana wenye adabu," alisema Macho Manne.

"Adabu! Mpwa wako aligundua kosa lilipo tangu juzi, hajui kulirekebisha. Yule mwembamba anajua kurekebisha, hajui lilipo. Wamekaa bega kwa bega! Nikamwuliza binti, mbona humwambii mwenzako? Akanijibu, 'Atanakili.' Samaki mkunje angali mbichi, Mwalimu. Hawa umewakunja wakakunjika."

Maneno yale yalimwingia kama mwiba wa kisigino.

"Nakuomba, mama. Nipe muda kidogo."

"Zahanati wanataka jibu saa kumi. Siyo mimi."

Akaingia, akayateremsha mabegi sakafuni moja moja. "Ambianeni mlichokiona."

Wakatazamana, kisha wakamtazama yeye.

"Mwalimu, huu si mtego?" aliuliza yule mwembamba.

"Atakayeanza ndiye atakayefelishwa," mwingine akanong'ona.

Aliwaapia, hawakumsadiki. Miaka yote hiyo aliwafundisha wasimwamini jirani, sasa hata yeye alikuwa jirani. Saa ya ukutani ilisema tisa na nusu. Mpwa wake alikuwa bado kaziba daftari kwa kiganja.

Basi Macho Manne akavuta kiti, akakaa kama mwanafunzi. "Mwanangu, mimi sijawahi kufanya kazi kwenye kampuni hata siku moja. Sijui kosa liko wapi. Nionyeshe."

Binti akamtazama sana. Kisha kiganja kikaondoka. Akaeleza kwa sauti ya chini, na yule mwembamba akashindwa kujizuia.

"Siyo hapo, we! Shuka chini!"

"Basi njoo uandike wewe, mjuaji!"

Wote wanne wakasongamana kwenye kompyuta moja.

Saa kumi kasoro dakika tano bosi akaja na simu mkononi, akamvuta kando.

"Zahanati wamechoka. Kazi wamempa mtu mwingine. Kesho hawa wasije."

"Lakini wanakaribia, mama! Sikiliza wanavyogombana!"

"Nasikia. Ugomvi huu niliungoja tangu juzi. Pole, Mwalimu."

Vijana hawakusikia neno. Mpwa wake, bila kugeuka, akaita, "Mjomba, tusipomaliza leo, kesho tuwahi saa ngapi?"

"Malizieni kwanza," alisema Macho Manne, akatoka koridoni kumpigia simu mkuu wa chuo, amwambie mwenyewe kwamba wanne wamerudishwa.