Mke Mwenzangu Alinipigia Kila Asubuhi Kuniuliza Kama Nimetembea

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali. Mji wetu mdogo na wateja wangu wengi wamo humu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nauza vitenge Kasulu mjini. Ni bi mkubwa. Mume wangu, nitamwita Baba Nuru, ananunua maharage vijijini na kuyasafirisha, na ana mke mwingine Kibondo, mdogo sana kwangu, ana duka la vyombo. Miaka yote mimi na huyo mwenzangu tulikuwa watu wa salamu za Idi tu, tena tunazituma kupitia kwa mume.

Mwaka jana nilianguka dukani. Hospitali wakanikuta na presha ya juu. Daktari alinipa dawa, akaniambia nipunguze chumvi na mawese, niache kukaa kwenye stuli kutwa nzima, nitembee kila siku na nilale mapema. Niliitikia kama tunavyoitikia wengi. Vidonge nilimeza, hayo mengine nikaona ni ya watu wasio na kazi.

Asubuhi moja simu ikaita, ni mke mwenzangu. "Dada, umeamkaje? Leo umetembea?" Nikaduwaa. Nani kamwambia naumwa, na yeye inamhusu nini? Kesho yake akapiga tena. Nikajisemea, huyu anataka kujua nakufa lini ahamie kwenye nyumba yangu. Akanitumia unga wa mlonge kwa basi, eti dawa ya presha. Niliumwaga chooni, hata kuunusa niliogopa.

Siku moja akaja kwenye msiba wa ukoo wa mume wetu, akalala kwangu. Kulipokucha akavaa raba akasimama mlangoni. "Twende, dada." Nilikwenda ili nimchunguze. Tulipofika katikati ya kilima, nahema vibaya, nikamuuliza waziwazi, "Mdogo wangu, unatafuta nini kwangu?"

Akacheka. "Nikwambie ukweli? Baba Nuru alishasema ukipooza, mimi ndiye nitakayehamia Kasulu kukuuguza. Na mimi duka langu nalipenda. Kwa hiyo tembea, dada."

Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini pale barabarani. Angesema ananipenda nisingemwamini. Hilo nililiamini.

Tangu hapo nikawa naisubiri simu yake. Yeye anatembea Kibondo, mimi Kasulu, tunaongea. Mwanzoni nilikuwa naishia msikitini nageuza, nikaongeza kidogo kidogo. Mawese sikuyaacha, ila sahani yangu sasa nusu nzima ni lengalenga, huo mchicha wetu wa huku. Nikishindwa kutembea namwambia nimeshindwa, naye anasema, "Basi kesho," hagombi. Presha ikashuka mpaka daktari akaniuliza nafanya nini.

Sasa asubuhi moja namuaga, nikasema, "Msalimie mzee." Akaniuliza, "Dada, si yuko kwako? Ameniaga juzi, kasema anakuja Kasulu." Mimi kaniaga anakwenda Kibondo! Tulipoanza kuulizana vizuri, tukakuta kuna siku nyingi huyu mwanaume hayuko kwangu wala kwake. Wote tukafikiria kitu kimoja, mke wa tatu. Haikupita muda, mteja wangu mmoja wa kijiji cha Nyakitonto akaniambia, "Mumeo tunamuona sana kwetu, kwa yule mama mjane." Nikampigia mwenzangu palepale.

Mwenzangu akapanda basi akaja. Tukaenda Nyakitonto wote wawili, kanga tumezikaza kiunoni, tayari kwa vurugu. Tulimkuta Baba Nuru uani, kwenye mkeka, suruali kaikunja, mguu umefungwa majani. Huyo mjane ni bibi kizee, ni mganga wa mitishamba. Majani yalipofunguliwa nikaona kidonda kwenye kidole gumba, kinatoa harufu. Kumbe mume wetu ana kisukari. Alipimwa muda mrefu uliopita, akatuficha wote.

Nilitegemea aone aibu. Badala yake alirudi nyuma kwenye mkeka, anatuogopa.

"Nyinyi hamkuwahi kupatana," akasema. "Mmeanza kupatana, na mguu wangu ukaanza kuoza. Kila asubuhi mko barabarani, huyu huku, yule kule, mnapigiana simu. Mnaninenea nini?"

Mwenzangu akamwambia, "Baba Nuru, tunaulizana kama tumetembea."

"Nani atembee bila anakokwenda?" akajibu.

Amerudi nyumbani, lakini tangu siku hiyo hali chakula cha mkono wangu. Kibondo nako hivyohivyo. Anakula chipsi na soda za barabarani, vitu ambavyo kwa ugonjwa wake ni sumu, na maji ya kunywa anatembea nayo kwenye chupa. Nimemsihi aende hospitali, kaka yake kamsihi, hasikii. Juzi ndipo akatoa sharti. Tuache matembezi, tusipigiane simu tena, kila mmoja abaki kwake kama zamani. Tukikubali, ataenda kutibiwa. Tukikataa, haendi, na talaka atatoa zote mbili.

Mwenzangu anasema tukubali, mguu kwanza. Mimi roho inakataa, na si kwa ubinafsi. Naogopa atatudanganya tu, amezoea kutuaga anakwenda huku kumbe yuko kule. Na mwili wangu naujua, nikiachwa peke yangu nitarudi kwenye stuli. Halafu kuna hili linaloniumiza zaidi. Tukiacha, akatibiwa akapona, atawaambia watu, "Mmeona? Walipoacha nikapona." Tusipoacha, mguu ukakatwa, atasema ni sisi tumemroga.

Leo nimeuona ule mguu wakati anavaa kandambili. Kidole kimeanza kuwa cheusi. Mwenzangu anangoja jibu langu. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Naomba ushauri wenu, na tafadhali msichelewe.