Zaituni wa Foleni ya Sabuni

Binti yangu anaitwa Zaituni na kila Jumapili anaimba kwaya kanisani. Wanaoshangaa washangae. Juzi mjukuu wangu kaja na rafiki yake wa chuo, yule rafiki akaniuliza kama tulibadili dini. Nikamwambia kaa, kula kwanza.

Wasichana wa siku hizi ni kina Gloria na Vanesa, hata huku Mutuka. Zaituni wanaliona jina la bibi. Lakini kuna miaka hapa lilikuwa kila njia, tena kwa Wakristo, na wa kwanza alikuwa wangu.

Ilikuwa wakati ule wa kukosa vitu. Mahindi tulikuwa nayo kidogo, ila cha dukani hakuna. Sukari hakuna, sabuni hakuna, nguo ndiyo usiseme. Kanga yangu ilichakaa mpaka maua yake hayajulikani. Nikasikia kuna duka Babati mjini limeletewa sabuni. Tumbo limenifika kifuani, nikaondoka kwa miguu.

"Utazalia njiani," mama mkwe akasema.

"Nikizaa nitamfulia kwa sabuni gani?"

Njiani nilipita salama. Uchungu ulinishika kwenye foleni, mlango wa duka nauona. Wanawake wa mbele yangu, tunaosali nao, wakageuka, wakanitazama, wakarudisha macho mlangoni. Ukitoka kwenye mstari umekosa sabuni. Aliyenijia, kutoka ndani, ni mke wa mwenye duka, Mwislamu, hatukuwahi hata kusalimiana.

"Dada, shika shingo yangu," akaniambia, akanipeleka uani.

Mtoto akaja upesi kuliko maji ya moto. Hapakuwa na kitambaa cha kumfutia. Yule mama akaingia ndani, akarudi na doti ya kanga, mpya kabisa, haijakatwa katikati, akaipasua huku foleni nzima inachungulia uani.

Sasa elewa. Siku zile walanguzi walikuwa wanasakwa. Mwenye duka akikutwa na mali aliyoificha anabebwa na polisi, na kanga mpya haikuwepo dukani kwa yeyote.

"Kumbe wanazo!" mtu akapaza sauti.

Yule mama hakugeuka. "Waache waseme, mtoto ana baridi."

Nikamuuliza jina lake. Zaituni. Maana yake nini? Akacheka. "Tunda la kukamua mafuta, la Uarabuni huko. Mimi mwenyewe sijawahi kuliona."

"Basi na huyu ni Zaituni," nikasema.

Haikupita wiki, duka likapekuliwa na mumewe akachukuliwa. Kwetu nako moto ukawaka.

"Jina la mke wa mlanguzi?" mama mkwe akafoka. "Mama yangu alikuwa na jina zuri, au limeoza?"

"Mama, aliyemfunika mtoto huyu ni nani?"

Sikuwahi kumjibu hivyo. Mume wangu akaenda kuangalia ng'ombe waliokuwa hawana shida yoyote.

Katekista naye akagoma. "Hilo la Kiislamu. Tumwite Maria."

"Maria nampenda, Mwalimu, ila hakuwa uani siku ile."

"Basi hatabatizwa."

"Basi atakaa."

Akakaa mpaka anatambaa. Nisidanganye, niliogopa. Watu walisema akifa atazikwa bila sala, na kila akikohoa nilitega sikio kifuani kwake. Lakini nikimwita Maria nilihisi namtupia yule mama kanga yake usoni.

Pasaka ikakaribia, mama mkwe akaja kwa upole. "Kubali Maria kanisani, nyumbani mwite utakavyo." Nikakubali kwenda kanisani. Jina sikulikubali, ila hakuniuliza.

Padre akasimama mbele yetu. "Mtoto huyu mnamwitaje?"

Mama wa ubatizo, aliyeshafundishwa la kusema, akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Zaituni!"

Mabati yakaitikia. Katekista akasogea haraka. "Padre, ni Maria."

"Zaituni," nikarudia.

Padre akanitazama mimi. "Kwa nini hilo?"

"Kwa sababu mwenye jina ndiye aliyempokea. Wa kanisa letu walikuwa kwenye foleni wananitazama."

Walikuwemo humo humo, kwenye mabenchi. Nikajisemea akikataa nageuka na mwanangu, narudi Mutuka, na sirudi tena. Padre akamtazama mtoto, akachota maji.

"Zaituni, nakubatiza."

Nje, mama mkwe akanifuata kwa hatua ndefu. "Umeniaibisha mbele ya parokia nzima!"

"Nimekuaibisha, Mama."

Akasimama mbele yangu, anahema, ananitazama mikono. Kisha akanyoosha yake.

"Lete huyo Zaituni wako. Unatetemeka, utamwangusha."

Akambeba mpaka nyumbani, na kila aliyemuuliza njiani mjukuu anaitwa nani, alimjibu kwa hasira, kwa sauti, Zaituni.