Ukuta Usio na Matundu

Fundi Wepukhulu alikuwa mzito wa kusema, na hakuzaliwa hivyo. Kabla ya 2008 mafundi wenzake wa mtaa wa Langas walimwita Redio. Kontrakta akikosea kipimo cha saruji aliambiwa papo hapo, mbele ya watu. Kisha vurugu za uchaguzi zikaja, nyumba aliyopanga ikachomwa kwa sababu jina la mwenye ploti lilikuwa la kabila lisilotakiwa pale, akalala wiki tatu kwenye uwanja wa kanisa. Aliporudi kazini aliuchunga mdomo. Mwenye kazi akisema jiwe ni jeusi, kwake pia lilikuwa jeusi.

Ndiyo maana Januari 2013, uchaguzi mwingine ukinukia, Mwalimu Jemutai alimpenda mara moja. Mwalimu alikuwa mjane mstaafu, nyumba yake juu ya mteremko unaoshukia mto Sosiani, na kila mvua iliondoka na kipande cha uwanja wake. Alitaka ukuta wa mawe wa kuuzuia udongo, mrefu kuliko mtu. Hatua sita chini ya hapo, Kavetsa muuza mboga, naye alichomewa nyumba 2008, alikuwa amepanga chumba cha mbao na watoto wake watatu.

Wepukhulu alijenga vizuri, hilo tusimnyime. Kwenye safu ya pili akaanza kupitisha vipande vya paipu kati ya mawe, ili maji ya udongoni yapate pa kutokea. Mwalimu akashuka na chupa ya chai, akaviona, uso ukambadilika. Alieleza bila kelele kwamba mwaka ule wa vurugu moto uliingia kwake kupitia upenyo mdogo wa ua. Mtu alichungulia kwanza, kisha akarusha kitambaa kinachowaka. Tangu hapo hakutaka tundu lolote linalotazama bondeni.

"Fundi, ziba zote," alisema. "Sitaki mtu aniangalie."

Wepukhulu alijua kwamba ukuta kama huo ungebeba udongo na maji pamoja, na usingeweza. Lakini alikumbuka uchaguzi ulikuwa karibu, na kwamba yeye ni mtu wa kabila jingine pale, akajibu, "Sawa, Mama." Hiyo sawa ilikuwa uoga mtupu, tusiipambe. Akaziba.

Kavetsa alifurahi. Alisema hata watu wakianza tena, upande wa juu sasa amekingwa, akahamishia kitanda cha watoto upande huo. Wepukhulu alimwona akikisukuma, akaendelea kuosha mwiko wake.

Uchaguzi ukapita. Watu walikuwa wamenunua unga wa mwezi mzima na kufungasha mizigo, lakini hakuna kilichowaka, na mji ukapumua. Wepukhulu hakupumua, kwa sababu Aprili mvua ilianza na haikukata. Kila asubuhi alipita pale akijidai anaenda dukani. Siku ya tano akaona ukuta umefanya tumbo. Katikati mawe yalikuwa yamesukumwa nje, na matope yakichuruzika kwenye viungio.

Alikimbia kwa Kavetsa, akagonga mlango kwa ngumi zote mbili. Mama huyo alipomwona amelowa na kuhema, alimvuta karibu mtoto aliyekuwa jirani naye.

"Wameanza tena?"

"Hapana. Ni ukuta. Toa watoto."

Walikuwa wamefika barabarani, mtoto wa mwisho mgongoni kwa fundi, ukuta ulipoachia. Ulikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na chumba cha mbao kikafunikwa chote. Juu, Mwalimu Jemutai alisimama pale uwanja wake ulipokatikia, mikono kichwani, bonde zima likimtazama.

Kavetsa alihesabu watoto. Akahesabu tena. Kisha akamgeukia fundi.

"Ulijua?"

Wepukhulu angeweza kusema ni mvua.

"Nilijua tangu Januari," alisema. "Niliogopa kuongea."

Kavetsa alimtoa mtoto mgongoni mwa fundi, polepole, akamfunga kwa leso yake mwenyewe.

"Hata siku ile tulichomewa," alisema, "kuna jirani alijua."