Meseji Zinazolia Kwa Fundi Chaji

Hebu mwone anavyoingia kibandani kwa fundi chaji, jua linazama: mama wa makamo, kandambili zimejaa vumbi, uso wa mtu aliyeshinda akibisha hodi na kuambiwa "njoo kesho". Kambini wanamwita Mama Mswaki. Ni mkimbizi kama wenzake, na kibarua chake ni kuwaandikisha watu wapokee meseji za kutunza meno. Kila jioni simu zao hupokea: "Piga mswaki kabla ya kulala. Ukishapiga, jibu 1." Kujibu ni bure.

Ila hajibu mtu. Leo mkubwa wake amemwambia, macho kwenye kompyuta, kwamba majibu yasipoonekana wiki hii meseji zinasimamishwa.

Akajitupa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akampa fundi simu yake. Meza nzima imejaa simu za majirani zinazochajiwa, kila moja imebandikwa plasta yenye namba ya hema. Mara zikaanza kulia, hii, ile, mpaka meza ikatetemeka.

"Ni wewe huyo, shemeji," fundi akasema. "Kila jioni hivi hivi. Kambi nzima napiga mswaki mimi peke yangu."

Mama Mswaki hakucheka. "Wenyewe hawazisomi meseji?"

"Wazisomee wapi? Jioni wanaacha simu hapa, asubuhi wanazichukua, wanafuta meseji bila kusoma. Wanadhani matangazo."

Kumbe. Miezi yote hii alikuwa anawaona wavivu. Asubuhi tu amemgombeza jirani yake, ambaye mwanawe shavu limevimba kama andazi, na mama wa watu anaapa hajawahi kuona meseji.

"Si wabadilishe saa ya kuzituma?" fundi akauliza.

"Mpaka wakae kikao, kaka yangu. Na kikao chenyewe nakijua. Wiki itakuwa imekwisha zamani."

"Basi pumzika. Simu zote ninazo hapa. Nazibonyezea 1 moja moja, wanakuachia meseji zako. Nani atajua?"

Akajikanda miguu. Wasipojibu, meseji zinakufa. Fundi akiwajibia, ofisi itafurahi kwamba kambi inapiga mswaki, na hakuna atakayeona sababu ya kubadilisha saa. Yule mtoto ataendelea kulia na jino lake.

Fundi ameshaokota simu ya kwanza, kidole kiko juu ya kitufe.

"Niambie basi, shemeji."

Ungekuwa wewe umekaa kwenye ndoo ile, miguu inawaka moto, ungemjibu nini?