Biskuti ya Saa Kumi na Nusu

Mpaka leo, rafiki yangu, nikiletewa kahawa na kibiskuti cha siagi pembeni ya kisosi, nakirudisha. Juzi nilirudi Doha kikazi, hotelini wakaniletea kile kile chenye kingo za meno meno, hasira zikanipanda kana kwamba bado nina miaka minane.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu tulikaa Al Rayyan, chumba kimoja katika nyumba iliyogawanywa. Baba dereva, kutwa barabarani. Mama akisafisha vyumba hotelini. Jirani yetu, mama wa Kifaransa, alijitolea kukaa nami mchana ili binti yake apate wa kucheza naye. Watu walimsifu kwa wema. Mimi simsifu. Kwake vitu vitamu vilikuwa na sheria kama jeshini. Hakuna kudokoa asubuhi, hakuna kudokoa mchana. Ikifika saa kumi na nusu tunanawa, tunakaa, kitambaa mapajani, kila mtoto na bakuli lake la maziwa ya chokoleti na biskuti mbili. Mlo huo akiuita gute. Biskuti unaichovya kidogo. Ikikukatikia bakulini, unakatwa jicho. Kwetu mama alikaanga kaimati tukazila tumesimama pale pale jikoni, shira ikitutiririka mpaka viwikoni, na hakuna aliyekufa.

Basi Ramadhani ikaingia, nikaamua kufunga siku nzima kwa mara ya kwanza. Bibi yangu Unguja akaahidi kupiga simu magharibi anipongeze. Mama akabadilishana zamu ili tufuturu pamoja. Msimu ule magharibi iliingia mapema, kama nusu saa tu baada ya hiyo gute.

Nilimwambia jirani nimefunga. "Mtoto hafungi," akasema. "Mtoto anakula gute yake." Akaniketisha, akanisogezea bakuli. Sikugusa. Binti yake akachovya, akala, akaenda kucheza. Mimi nikabaki pale. Harufu ya chokoleti ilinikata tumbo, nami nikaogopa hata kumeza mate.

Mama akagonga mlango, mkononi ana mfuko wa tende. Jirani hakumpa hata nafasi ya kusalimu. "Binti yako ana kiburi. Kama hali mezani kwangu, kesho usimlete."

Mama akatazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na mtu mwingine wa kuniachia. Bila huyu mwanamke ningerudishwa Unguja, niishi mbali na mama. Nilijua, maana walishalizungumza na baba.

"Kula, mwanangu," akaniambia taratibu. "Kula tu. Mungu anaona."

Nikala biskuti zote mbili. Mzinga wa kutangaza futari ulilia tukiwa bado tunavuka ua kurudi kwetu.

Nyumba ile imebomolewa, pamesimama jengo la vioo. Jirani alirudi kwao zamani, na sijamsamehe. Mama na bibi wote wametangulia mbele ya haki. Nimefunga Ramadhani nyingi tangu hapo, lakini ile ya kwanza hakuna wa kunirudishia.

Jioni ile simu ililia kabla hatujavua viatu. Sauti ya bibi ilikuwa kubwa, niliisikia pale pale niliposimama: "Haya, kafunga mpaka mwisho mjukuu wangu?"

"Kafunga," mama akasema.

Bibi akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Mama akanipa nipokee pongezi zangu, akageukia ukutani.