Nilipofungwa Taya, Senge Alinivua Jina

Admin, nifiche kabisa, na wasomaji wakifika mwisho wataelewa kwa nini jina ndilo kesi yenyewe. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, nauza mahindi na maharagwe kwenye duka la jumla Kitale, kwetu ni Bungoma. Sijaolewa, na kabla hamjauliza, hapana, sikupasuliwa ili nipate bwana.

Nilizaliwa na taya la chini lililotangulia mbele, meno ya mbele hayakuwahi kukutana. Mkate nilikata kwa vidole, mahindi ya kuchoma niliyapukuchua kwanza. Nyama ndiyo kabisa, nilikuwa naizungusha mdomoni mpaka nachoka, halafu naimeza nzima au naitema kwa siri. Kichwa kiliniuma kila jioni. Shuleni waliniita Jembe. Lakini nyumbani taya hilo lilikuwa fahari, kwa sababu lilikuwa la kukhu, mama yake baba, aliyefariki kabla sijazaliwa, na ndiyo maana nikapewa jina lake. Senge, dada mkubwa wa baba, alikuwa akinishika kidevu mbele ya wageni na kusema, "Huyu ni mama yangu amerudi."

Mwaka huu daktari alilikata taya, akalirudisha nyuma, akanifunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Nikaja kuuguzwa na mama Bungoma. Uso ulivimba hadi macho yakapotea. Chakula changu kilikuwa uji wa wimbi, supu na maziwa, vyote kwa mrija, na kwa vile mdomo wa chini ulikuwa umekufa ganzi, uji ulinimwagikia kifuani bila mimi kujua. Chini ya mto mama aliweka koleo ndogo ya kukatia waya, iwapo nitatapika, nisije nikasongwa. Majirani walikuja kusema pole. Mmoja akamnong'oneza mama, "Ni bwana alimpiga?" Mama akamjibu, "Bwana gani, na huyu hajaolewa?" Nilitaka kucheka, lakini kucheka nako kuliniuma.

Waya ukiwa bado mdomoni, senge akafika. Alisimama mlangoni akaniangalia muda mrefu. "Umepeleka wapi kidevu ya mama yangu?" Akaketi akalia kama yuko matangani. Alipomaliza kulia, hasira ikaja.

"Sasa hiyo jina unabebea nini? Ndugu yako amepata msichana, na huyo mtoto ako na kidevu yenyewe. Tutampatia jina ya mama, wewe ubaki na ile ya kanisa. Umekubali?"

Nikasema hapana. Lakini mtu aliyefungwa meno, ndiyo yake na hapana yake ni mguno mmoja tu, unatokea puani. Senge akapiga makofi. "Si mmesikia? Amekubali."

Nikatikisa kichwa, akasema ni maumivu. Nikaandika ujumbe kwenye simu, mama akamsomea, "Anasema hataki." Senge akasema, "Hiyo ni simu inasema. Yeye mwenyewe nimemsikia." Baba alikuwa hapo hapo. Alikohoa, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Dada yake akishasema, baba yangu huwa na kikohozi.

Kabla ya kuondoka senge alitulia, akaanza kumsifu kukhu kama kawaida yake. "Mama alikuwa na roho, bana. Siku ya nyama yeye haonji. Anakunywa mchuzi tu, nyama yote anatugawia sisi watoto, ati ameshiba. Wewe ungeweza?"

Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni. Siku hiyo, nikiwa na mrija wa supu mdomoni, ndipo nilipoielewa. Kukhu hakuwa ameshiba. Kukhu alikuwa hawezi kutafuna. Hata mimi nimekunywa mchuzi tu kwenye kila harusi na kila matanga, watu wakinisifu ati sina ulafi.

Sasa waya umetolewa na ninaongea. Juzi mama alinichemshia nyama hadi ikalegea, nikaweka kipande kidogo mdomoni, nikauma, kikakatika. Nililia huku natafuna. Nilimlilia yule mama ambaye sikumwona, aliyekaa na njaa miaka yote na kuitwa mkarimu.

Jumamosi mtoto wa ndugu yangu anapewa jina nyumbani kwa senge, na mbuzi atachinjwa. Nitaenda, na nguo nimeshapiga pasi. Mtoto akipewa jina, sawa, mjukuu na kitukuu kuitwa jina moja si ajabu kwetu. Ila mimi sivuliwi. Hilo taya nimelibeba mimi, wao walikuwa wanalishika tu. Na huyo mtoto, kama kweli analo, naye atasifiwa hadi lini badala ya kupelekwa kwa daktari?

Shida yangu ni moja. Senge ni mzee, na ile nyama aliyogawiwa ndiyo kumbukumbu anayoipenda kuliko zote za mama yake. Mama yangu anasema nidai jina tu, hadithi ya nyama niiachie senge, ni ukatili kumnyang'anya. Nami naona nikinyamaza wataambiana tena kwamba nimekubali, na safari hii sina waya wa kusingizia.

Kuhusu jina siombi ushauri, hilo ni langu. Ninachouliza ni hiki. Nyama ikianza kugawiwa, na senge aanze kusimulia jinsi kukhu alivyokuwa haonji nyama, nimwambie ukweli mbele ya watu wote, ama nichukue kipande changu, nikae karibu naye, nitafune polepole hadi aelewe mwenyewe? Nishaurini kabla ya Jumamosi.